Mhusika Aliyeachwa Wazi: Namna ya Kuandika Nafasi Inayoweza Kuchezwa na Yeyote

Skripti yangu ya kwanza kuchukuliwa na watu wa filamu ilikuwa na wahusika kumi na mmoja. Watatu tu ndio niliowataja jinsia. Waliobaki niliwaita kwa kazi zao: Daktari, Muuguzi, Mwenye Nyumba, Fundi, Mwizi, Jirani. Nilifanya hivyo kwa makusudi, nikiamini nimemwachia mwongozaji uwanja mpana wa kuchagua waigizaji. Siku nilipokwenda kuangalia mazoezi nikakuta Daktari ni mwanaume, Muuguzi ni msichana, Mwenye Nyumba amepewa kijana wa asili ya Kihindi aliyeagizwa akivunjevunje Kiswahili ingawa Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, Mwizi ndiye mweusi kuliko wote waliokuwa pale, na bibi harusi ndiye mweupe kuliko wote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nilipouliza, mwongozaji alinijibu kwa upole kabisa: "Si hukuandika kitu? Tumeweka kawaida."

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya maneno hayo mawili ya mwisho. Mwandishi akinyamaza kuhusu rangi na jinsia ya wahusika wake, kimya chake hakibaki kitupu. Mazoea ya watu yanaingia na kukaa humo. Anayetaka nafasi iwe wazi kweli inabidi aseme hivyo kwa maandishi, ajue ni zipi anazofungua na zipi anazofunga, na awe tayari kurudi mezani mwigizaji akishapatikana. Hatua zinazofuata nimezitumia kwenye tamthilia za jukwaani na skripti za filamu. Mwandishi wa riwaya naye zitamfaa, hasa akitarajia kitabu chake siku moja kiigizwe.

Hatua ya 1. Tafuta nani ni nguzo

Chukua orodha ya wahusika na kalamu. Kwa kila mmoja jiulize: jinsia yake ni nguzo ya hadithi hii, au nimeiweka tu? Kisha rudia swali hilohilo kwa rangi na asili yake. Nguzo ni kitu ambacho ukikichomoa paa linashuka.

Usijibu kwa kubahatisha. Badilisha kichwani, halafu soma maonyesho matatu ya mhusika huyo: anapoingia mara ya kwanza, anapogombana, na anapotoka mara ya mwisho. Daktari wangu alikuwa mwanaume kichwani mwangu, nikamgeuza mwanamke, nikasoma. Hakuna kilichovunjika. Kumbe nilimwona mwanaume kwa sababu daktari aliyenitibu utotoni alikuwa mwanaume, basi. Hiyo ni kumbukumbu yangu, haina haki ya kumnyima mtu nafasi ya kuigiza.

Zipo nguzo za kweli, na hizo usizione haya kuzifunga. Ukiandika hadithi ya familia inayofungasha mizigo Kampala mwaka 1972, baada ya Idi Amin kuwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke Uganda, huwezi kusema asili ya baba mwenye duka iko wazi. Hadithi yote imesimama juu ya asili hiyo. Ukiandika kuhusu binti anayehesabiwa ng'ombe wa mahari mbele ya wajomba zake, jinsia ya binti ni nguzo. Na ukiandika mhusika mwenye ualbino, mfunge, tena uandike kwamba achezwe na mtu mwenye ualbino. Usiruhusu mtu apakwe unga usoni. Waigizaji wenye ualbino wapo, na kwa yale ambayo watu hawa wamepitia katika nchi zetu, kumpaka mwingine rangi ili aonekane kama wao ni kuwafukuza hata kwenye hadithi yao wenyewe.

Mimi huweka alama tatu pembeni ya majina: F kwa aliyefungwa, W kwa aliye wazi, na T kwa anayehitaji tahadhari. Hii ya tatu ndiyo ngumu, na inastahili hatua yake.

Hatua ya 2. Angalia wawili wawili

Mhusika peke yake anaweza kuwa wazi kabisa, lakini ukimweka mbele ya mwenzake wakawa wanazungumza jambo ambalo hukuliandika.

Nilikuwa na onyesho fupi la mwajiri na mfanyakazi wa ndani, wanazozana kuhusu mshahara wa miezi miwili. Wote wawili nilikuwa nimewapa W. Kikundi kimoja kilitaka kulicheza Unguja, wakampa uajiri mwigizaji anayeonekana Mwarabu, na kazi ya ndani akapewa binti mweusi. Hakuna neno lililobadilika kwenye karatasi. Lakini soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mtu aliyekulia mitaa ile hahitaji kuambiwa lilikuwa wapi. Hadhira ingeingia ukumbini na historia hiyo, na ugomvi wangu wa mshahara ungemezwa na kitu kikubwa zaidi. Pengine ungekuwa mchezo mzuri kuliko niliouandika. Lakini ungekuwa mchezo mwingine, na aliyeuandika angekuwa mgawaji wa nafasi.

Kwa hiyo kwa kila jozi yenye aliye juu na aliye chini (bosi na mtumishi, mpigaji na mpigwaji, mwenye pesa na mkopaji, askari na mtuhumiwa), andika kabisa mstari mmoja: mpangilio upi unakubalika na upi unahitaji tuzungumze kwanza. Sisemi ukataze. Nasema usikubali jambo zito liingie kwenye kazi yako bila wewe kujua.

Mwizi wangu naye alikuwa hivyo. Kumpa uwizi mtu mweusi si kosa. Nchi yetu ni ya watu weusi. Tatizo lilikuwa kwamba ukiangalia orodha nzima kuanzia juu hadi chini, weupe wa ngozi ulipungua kadiri heshima ya mhusika ilivyopungua. Orodha ndiyo iliyosema, mwigizaji mmoja mmoja hana hatia. Tazama safu nzima.

Hatua ya 3. Kagua Kiswahili chako, maana kinasaidia na kinasaliti

Hapa tuna bahati ambayo waandishi wa lugha nyingi hawana. "Yeye" haina jinsia. "Alikuja, akakaa, akalia" inaweza kuwa ya mtu yeyote. Fikiria ngano za Sungura na Fisi: umezisikia tangu ukiwa mdogo, je, Sungura ni dume au jike? Lugha haikusema, na bibi aliyekuwa akisimulia alimtoa Sungura, Fisi na Simba kwa koo lake moja, ukaamini wote. Kazi za watu nazo ziko hivyo: mwalimu, hakimu, dereva, nahodha, mwenyekiti, mkulima. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kujaza kurasa 40 bila kufichua jinsia ya mtu.

Ila wahusika wakianza tu kuzungumza, mlango unafungwa. Sisi hatuongei bila kuitana. Kaka, dada, mama, baba, bwana, mjomba, shangazi, babu. Tazama sentensi hii kutoka kwenye rasimu yangu:

"Kaka, umefika? Mkeo amepiga simu hapa mara tatu."

Kuna kufuli mbili ndani ya maneno manane. Nikajaribu:

"Umefika? Nyumbani kwako wamepiga simu hapa mara tatu."

Kufuli zimefunguka, na sentensi bado inapumua, hata imeongeza wasiwasi kidogo: nani huyo anayepiga?

Vitenzi navyo vinasaliti. Mwanaume huoa, mwanamke huolewa. Mwanaume hutoa talaka, mwanamke huachika. Ukitaka kuacha wazi, watu "wamefunga ndoa", "wameachana", "wanaishi pamoja", "wana watoto". Maneno ya ukwe yana nguvu tofauti. "Wifi" hufunga watu wawili kwa mpigo, anayeita na anayeitwa, kwa sababu ni neno la wanawake kwa wanawake. "Shemeji" linavumilia zaidi. "Mkwe", "mzazi", "mlezi", "mjukuu", "binamu" yako wazi. Kuwa mwangalifu na "mzee" na "kijana": kamusi inayaacha wazi, sikio la msomaji halifanyi hivyo. Andika "kijana mmoja akaingia" uone watu wangapi watakuambia waliona msichana.

Sasa onyo, na hili nalitilia mkazo. Ukifuta kila kaka na kila mama, mazungumzo yatapoa. Yatasikika kama barua ya ofisini. Muuza nyanya asiyemwita mteja wake chochote si muuza nyanya wa popote ninapopajua mimi. Kuna njia mbili za kuokoa joto hilo. Ya kwanza ni kutumia maneno ya kuitana yasiyobagua: jirani, ndugu yangu, mwenzangu, fundi, bosi, mwalimu, mheshimiwa, mtani, somo. "Shikamoo" na "marahaba" zinaonyesha umri, jinsia hazigusi, zitumie utakavyo. Njia ya pili, ambayo siku hizi naipendelea, ni kuandika maneno yote mawili kwa mkato, "kaka/dada", na pale ambapo sentensi nzima inabadilika, kuweka matoleo mawili, moja chini ya jingine. Nitarudi kwenye hilo mwishoni.

Hatua ya 4. Majina

Hatua hii ni fupi. Tunayo majina mengi yanayobebwa na wanaume na wanawake: Amani, Tumaini, Riziki, Bahati, Furaha, Imani, Zawadi. Mhusika aliye wazi mpe mojawapo, au mwite kwa kazi yake. Angalia pia jina linabeba dini na kabila gani. Ukimwita mhusika kwa jina la ukoo linalojulikana na kila mtu ni la mkoa fulani, umeshafunga asili yake hata kama hukukusudia. Na usimwite mhusika wako "Mhindi" au "Mmasai" kwenye orodha kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Hatua ya 5. Andika ukurasa wa mbele

Hili ndilo kosa langu la skripti ya kwanza. Niliacha wazi bila kutangaza.

Waliotangaza vizuri ni Dan O'Bannon na Ronald Shusett, waandishi wa filamu ya Alien iliyotoka mwaka 1979. Wafanyakazi wa chombo chao cha anga waliitwa kwa majina ya ukoo tu, na kwenye orodha ya wahusika waliweka maelezo mafupi kwamba nafasi zote zinaweza kuchezwa na wanaume au wanawake bila kubagua. Mstari huo mmoja ulibaki ndani ya karatasi huku skripti ikipita mikono mingi na majina ya wahusika yakibadilishwa. Mwishowe nafasi ya Ripley akapewa Sigourney Weaver, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa jukwaani zaidi kuliko wa filamu. Watu wengi wanamkumbuka Ripley kama mwanamke shujaa aliyeandikwa kwa ustadi. Ustadi huo ulianza na mtu aliyethubutu kutojua, na akaandika kwamba hajui.

Basi kabla ya onyesho la kwanza, weka ukurasa wenye tangazo na orodha. Wangu wa mchezo wa sokoni unaanza hivi:

"Pale isipotajwa, jinsia, rangi na asili ya mhusika ziko wazi kweli. Tafadhali usijaze kwa kawaida. Waite watu wa aina zote kwenye usaili wa kila nafasi iliyo wazi, kisha mpe anayeiweza.

KATIBU WA SOKO. Miaka 45 hadi 60. Wazi. Sauti yake haijawahi kuhitaji kupandishwa. Ana daftari moja ambalo hamwachii mtu.

RIZIKI, muuza samaki. Miaka 20 na kidogo. Jinsia na rangi wazi. Lafudhi ya pwani ni lazima, maana kila mtu sokoni anamtambua kwa hiyo.

MAMA SHIDA, mpishi. Mwanamke. Imefungwa: onyesho la tatu ni la uzazi.

MWENYE GODAUNI. Wazi, ila tuzungumze kabla ya kuamua, kwa sababu ya maonyesho yake na Riziki."

Ona kwamba aliye wazi bado ana mwili na tabia. Wapo wanaodhani kumwacha mhusika wazi ni kumwacha mtupu, matokeo yake wanaandika "KATIBU, mtu wa makamo", mwigizaji anakosa pa kushika. Fanya kinyume chake. Kadiri unavyoacha rangi na jinsia, ndivyo unavyopaswa kuongeza sauti, mwendo, hofu, vitu alivyobeba mkononi. Na kila F iwe na sababu yake palepale. Ukishindwa kuandika sababu kwa mstari mmoja, huenda si nguzo.

Kuhusu lafudhi: usivunje tahajia kumchekesha mtu. Andika sentensi kwa Kiswahili sahihi, sema mhusika anatoka wapi ikiwa ni lazima, mwigizaji atajua la kufanya. Kijana yule wa Mwenye Nyumba alizaliwa na kukulia hapahapa Dar es Salaam. Alilazimishwa kuongea kama mgeni kwenye jiji lake.

Hatua ya 6. Ukifunga, funga sawasawa

Wasomaji hawaoni usichokirudia. Riwaya ya The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, inasema wazi kwamba msichana Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza. Filamu ilipotoka mwaka 2012 na Rue akachezwa na Amandla Stenberg, kuna wasomaji waliokasirika kwamba msichana huyo amefanywa mweusi. Walikuwa wameusoma mstari ule. Macho yaliuruka, kwa sababu walikuwa wameshamchora kichwani mtoto mwingine.

Kwa hiyo kama rangi ya mhusika ni nguzo, usiitaje mara moja tu na kuiacha. Iweke ifanye kazi: nywele zinazosukwa asubuhi kabla ya safari, mkono unaoshikwa mezani ukaonekana kando ya mkono mwingine, neno analoitwa mtaani na jinsi anavyogeuka akiitwa. Tuna maneno yetu ya rangi, maji ya kunde, mweusi tii, mweupe, na kila moja lina uzito wake kinywani mwa mama mkwe. Mpe mama mkwe aliseme.

Hatua ya 7. Siku ya usaili

Ukialikwa, nenda. Omba mambo mawili tu. Kwanza, kila anayewania nafasi iliyo wazi asome kipande kilekile. Wanawake wakipewa kipande cha kulia na wanaume kipande cha kuamuru, mmeshaamua kabla ya kuanza. Pili, omba watu wasome nafasi ambayo hawakuijia.

Mchezo wa sokoni ulisailiwa kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, feni moja. Wanaume sita walisoma Katibu. Kuna mahali anapomwambia mweka hazina, "Fungua daftari," na wote sita walipaza sauti, mmoja akapiga meza. Walisoma vizuri. Halafu mama mmoja aliyekuja kuwania upishi, bado ameshika mfuko wake wa sokoni wa kweli, akaombwa asome naye. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. Alisema "fungua daftari" kwa sauti ambayo mtu humwambia mtoto avue viatu, na kijana aliyekuwa akisoma mweka hazina, ambaye kwa saa nzima alikuwa akifungua karatasi kwa kuigiza, akaanza kutafuta daftari mezani. Hapakuwa na daftari. Alikuwa amesahau.

Nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba sauti ya Katibu haijawahi kuhitaji kupandishwa, nikasikiliza wanaume sita wakiipandisha bila kusema neno, kwa sababu moyoni bado nilikuwa namwona yule katibu mwanaume ninayemjua mimi. Nilikuwa nimefungua karatasi, kichwa nikakiacha kimefungwa.

Hatua ya 8. Mwigizaji akipatikana, rudi mezani

Uwazi ni wa kabla ya kuchagua. Mtu akishapewa nafasi, mhusika ana mwili, na mwili huo una maisha yake. Ukijifanya hauoni, utamwachia mwigizaji sentensi zisizomkaa.

Mfano ninaourudia kila semina ni wa Duane Jones. Mwaka 1968 George Romero na wenzake walitoa filamu ya Night of the Living Dead, hadithi ya wafu wanaofufuka na kuwashambulia walio hai. Nafasi ya shujaa, Ben, haikuwa imeandikiwa rangi yoyote, na Jones, Mmarekani mweusi, aliipata kwa kuwa ndiye aliyefanya usaili vizuri kuliko wengine. Kwenye skripti Ben alikuwa dereva wa lori wa maneno makali, mwenye elimu ndogo. Jones alikuwa msomi, na aliyapitia maneno yale akayageuza, Ben akawa mtu mtulivu anayefikiri. Mwisho wa hadithi Ben ananusurika usiku mzima, asubuhi anapigwa risasi na kundi la watu wenye bunduki waliodhani ni mmoja wa wafu. Hebu fikiria mwisho huo kwa mwigizaji mzungu. Sasa ufikirie Marekani, mwaka uleule ambao Martin Luther King aliuawa kwa risasi. Hakuna aliyeandika filamu kuhusu ubaguzi wa rangi. Iliingia pamoja na mwigizaji, na filamu ikawa kubwa kuliko skripti yake.

Jones aliona lililohitaji kubadilika kabla ya waliomwandikia. Kwa hiyo kaa na mwigizaji wako, mpe skripti na kalamu, mwambie apige mstari chini ya kila sentensi inayomkwama. Nilipofanya hivyo na yule mama wa Katibu, alipiga mstari mmoja tu. Katika onyesho la nne Katibu anasema, "Nikifika nyumbani nimechoka, mke wangu ananiuliza, leo wamekuudhi nani?" Mimi nilishajiandaa kubadilisha "mke" kuwa "mume". Akasema hapana, hiyo si kweli. Akaniambia iandikwe hivi: "Nikifika nyumbani nimechoka, hakuna anayeuliza wameniudhi nani. Wanauliza kuna nini cha kula."

Niliiandika palepale. Jina la mwigizaji anayechangia sentensi kama hiyo liwekwe kwenye shukrani za kitabu, na kama kuna malipo ya uandishi, mgawieni chake.

Hatua ya 9. Watu wakikuuliza, sema kweli

Mchezo ukionyeshwa, mtu atasimama aulize: "Kwani huyu si alikuwa mwanaume?" Au, "Tangu lini huyu akawa mweusi?" Jibu ni rahisi ikiwa ukurasa wako wa mbele upo. Kama haupo, usijitungie historia.

Desemba 2015 ilitangazwa kwamba Noma Dumezweni, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Eswatini, angemcheza Hermione, msichana wa vitabu vya Harry Potter, akiwa sasa mtu mzima, kwenye jukwaa la London, na mchezo ukafunguliwa mwaka uliofuata. J. K. Rowling, mwandishi wa vitabu hivyo, alimtetea, na vizuri alivyofanya, akisema vitabu vilitaja macho ya kahawia, nywele zilizotimka na akili nyingi, na kwamba ngozi nyeupe haikutajwa popote. Mara wasomaji wakafukua kitabu cha tatu, wakatoa sentensi inayotaja uso mweupe wa Hermione ukichungulia nyuma ya mti. Wengine wakasema ni weupe wa hofu. Mabishano yakahamia kwenye neno moja, na Dumezweni, ambaye baadaye alishinda tuzo ya Olivier kwa nafasi hiyohiyo, akawa anabishaniwa kama sehemu ya sarufi.

Mimi ningependa mwandishi aseme tu: "Nilipoandika nilimwona hivi. Nimemwona mwigizaji huyu akifanya kazi, na sasa namwona yeye." Hilo linatosha. Linamheshimu msomaji aliyekuwa na picha yake, na linamheshimu anayesimama jukwaani usiku huo.

Hatua ya 10. Chapisha bila kufunga ulichofungua

Kazi ikifika kwenye kitabu kuna kishawishi cha kuandika maelezo kwa kufuata waigizaji wa kwanza, picha zao zikiwa jaladani. Picha ziweke, ni haki yao. Orodha ya wahusika iache kama ilivyokuwa, kwa sababu shule ya bweni yenye wavulana watupu itataka kuucheza mchezo huo, na kikundi cha kina mama cha kata nacho, na hata Waswahili walioko ughaibuni ambao kwenye kundi lao la mazoezi wamo wazungu wawili na binti wa Kikongo. Kwenye mkataba wa haki za kuigiza, omba kiwekwe kifungu kwamba nafasi za F hazibadilishwi bila idhini yako, za T zinazungumzwa, na za W haziulizwi.

Mchezo wa sokoni umeshachezwa na vikundi vingine viwili tangu wakati ule. Kimoja kilimpa Ukatibu kijana wa miaka 24 aliyepakwa mvi, naye akaniandikia kuuliza aseme sentensi ipi pale onyesho la nne, ile ya "leo wamekuudhi nani" au ile ya "kuna nini cha kula". Nilimjibu kwamba zote mbili ziko ukurasa uleule, moja chini ya nyingine, achague. Akachagua ile ya mama.